Breki za Shangazi

Habari yenyewe ilikuwa ukurasa wa kumi na tisa, chini kabisa, imebanwa na tangazo la magodoro, na ingejifia hukohuko kwa amani kama Kamusi asingekuwa na tabia ya kusoma gazeti kuanzia nyuma. Kamusi ni karani mstaafu. Alichapa barua za watu wengine kwa miaka thelathini, na tangu astaafu anajilipa kwa kuwasomea wenzake kila kitu kwa sauti, watake wasitake.

"Sikilizeni," alisema, akasukuma miwani juu ya pua. "Kuanzia Jumapili hii, gari lolote lililopita umri wa miaka ishirini na mitano halitaruhusiwa kuingia uwanja wa mashindano kabla halijakaguliwa breki na taa zake. Mwisho wa kunukuu."

"Nani kanukuu?" aliuliza mwenzake aitwaye Taratibu.

"Mimi."

Kijiwe kizima kikamgeukia Gia Tano. Kijiwe chenyewe ni kiti cha nyuma cha basi lililokufa, kilichochomelewa miguu ya bomba na kuegeshwa kati ya duka la cherehani na gereji, na mbele yake muuza kahawa ana jiko lake na birika lake. Duka la cherehani ni la Gia Tano. Mtu ana miaka hamsini na mbili, futi ya kupimia iko shingoni asubuhi mpaka jioni, na ukimwona akimshonea mtu suruali utasema huyu hajawahi kukimbilia hata mvua isimnyeshee. Kumbe ana gari la mashindano. Jina la Gia Tano alipewa zamani, kabla watu hawajajua kwamba gari lenyewe lina gia nne.

Gari hilo lina miaka thelathini na moja na linaitwa Shangazi, kwa sababu linaamka linapotaka, linanguruma kabla ya kusalimiwa, na halikubali kusahihishwa mbele za watu. Jumapili mbili kila mwezi Gia Tano hulipeleka kwenye uwanja wa zamani wa ndege ndogo, akashindana na wazee wenzake wenye magari makongwe. Katika miaka sita hajawahi kushinda. Hilo halimsumbui. Kinachomsumbua ni kona ya tatu.

"Mimi nitakaguliwa nini," alisema, akipuliza kahawa ambayo ilikuwa imeshapoa. "Breki ninazo."

"Unazo kwa mizunguko mitatu," alisema Taratibu. "Wa nne unakwenda kulima."

Watu wakacheka, na haki yao. Nje ya kona ya tatu kuna shamba la viazi, na Gia Tano ameshaingia humo mara tatu na gari zima. Mwenye shamba siku hizi akimwona anamwita jirani.

Gia Tano naye akacheka, lakini cheko lake halikufika mbali. Wenzake walijua hadithi ya viazi. Hawakujua yaliyosemwa nyumbani baada ya mara ile ya tatu. Mkewe ni mwalimu wa darasa la kwanza, mwanamke mwenye sauti ya kuwanyamazisha watoto themanini, na siku ile hakuitumia. Alimtengea chakula, akakaa mbele yake, akasema polepole kabisa: "Baba watoto, ukiingia tena kwenye viazi vya watu, gari linauzwa. Sitaki kuwa mjane kwa sababu ya kona." Akaondoka akaoshe vyombo. Gia Tano anamfahamu mkewe. Angepiga kelele, kungekuwa na nafasi ya mazungumzo.

"Dawa ninayo mimi," ilisema sauti kutoka ng'ambo ya njia.

Ilikuwa Mama Spea, anayeuza vipuri vilivyotumika. Alikuja na kikombe chake mwenyewe, maana haamini vya muuza kahawa, akajipenyeza katikati ya kiti mpaka Kamusi akabaki na tako moja hewani.

"Nina breki dukani, kaka yangu, zimetoka kwenye gari zito la mkubwa mmoja. Diski pana kama sinia. Ukizikanyaga hizo, gari linasimama kabla wewe hujaamua. Nipe ile cherehani yako ya pili inayolala chini ya turubai, binti yangu anaanza kushona, na mimi nikupe breki. Tumemalizana."

Gia Tano akatazama upande wa duka lake. Cherehani ile ilikuwa imelala, ni kweli, lakini ndiyo ya akiba, na msimu wa sare za shule ulikuwa mlangoni.

"Breki kubwa ni breki kubwa," alisema Kamusi, kana kwamba amesoma mahali.

"Mimi napinga," alisema Taratibu. Taratibu anaendesha gari la mazishi. Ni mtu mpole, nadhifu, tai kila siku, na hajawahi kupita mwendo wa baiskeli tangu aajiriwe. "Nina miaka kumi na tisa barabarani na breki zilezile nilizokabidhiwa. Sijawahi kupata lalamiko hata moja kutoka kwa abiria."

"Abiria wako watalalamika vipi?" alisema Mama Spea.

"Ndiyo nasema. Hata mmoja."

"Fundi, hebu sema wewe," alisema Gia Tano. "Niweke nisiweke?"

Fundi Kimya alikuwa amekaa mwisho wa kiti, mikono imejaa oili, anatafuna njiti ya kiberiti. Ndiye anayemhudumia Shangazi. Jina lake linajieleza, na anayemtaka aongee hulipia kwa subira. Walisubiri. Muuza kahawa akamimina vikombe viwili.

"Hazitaingia kwenye rimu zake," alisema Fundi Kimya mwishowe.

"Abadilishe rimu," alisema Mama Spea. "Rimu ninazo."

"Rimu kubwa zitasugua madigadi."

"Ayakate madigadi."

"Masta, pampu ya mafuta ya breki, itakuwa ndogo."

"Masta ninayo pia."

"Kwa hiyo," alisema Taratibu, "mwisho wa safari kitakachobaki cha gari la zamani ni honi."

"Honi ilishakufa mwaka juzi," alisema Kamusi.

"Basi ni jina tu. Tutakuwa tumemzika Shangazi, na mimi sijaitwa."

Gia Tano hakucheka safari hii. "Nyie mnataniana. Mimi nakwenda pale Jumapili. Mzunguko wa kwanza pedali ngumu kama jiwe. Wa pili sawa. Wa tatu naanza kuomba Mungu. Wa nne nakanyaga kama nakanyaga mkate, mguu unazama mpaka sakafuni, na viazi vinanitazama. Nimechoka kutazamwa na viazi."

Alisema kwa hasira kidogo, na hiyo si kawaida yake. Hata Mama Spea akaacha kupuliza kikombe.

Fundi Kimya akatoa njiti mdomoni. "Mafuta ya breki yanachemka. Ndiyo maana pedali inazama. Nimekubadilishia mara tatu, na kila mara yanatoka meusi kama hii kahawa." Akajikuna kidevu, akakiacha na doa la oili. "Kinachonishinda ni kimoja. Gari jepesi lile. Halina nguvu ya kutisha mtu. Breki zake zilitengenezwa kwa ajili yake na zinamtosha. Zinachemka kwa kazi gani?"

"Kwa uzee," alisema Kamusi.

"Uzee hauchemshi," alisema Fundi Kimya. "Gia Tano, hebu endesha."

"Niendeshe nini? Gari liko nyumbani."

"Hapo hapo ulipokaa."

Hapo ndipo kijiwe kilipopata kazi. Muuza kahawa alitoa sinia lake liwe usukani, na akavua kandambili zake mbili. Taratibu akavua kiatu kimoja, akakifuta kwanza. Fundi Kimya akavipanga chini: kandambili ya kushoto klachi, kiatu cha Taratibu katikati ndiyo breki, kandambili ya kulia mafuta. Kisha akalala chini ubavu, kichwa karibu na miguu ya Gia Tano, kana kwamba yuko chini ya gari kweli. Watu wawili waliokuwa wakipita na mzigo wakautua ili watazame vizuri.

"Mimi nisome kona," alisema Kamusi, akakunja gazeti.

"Mimi abiria," alisema Taratibu, akajifunga mkanda usiokuwepo.

Gia Tano aliona haya kidogo mwanzoni. Ila mtu wa gari ni mtu wa gari. Alipokwisha kushika sinia na kufumba jicho moja, mguno ukamtoka kooni wenyewe, akakanyaga klachi, akatia gia, huyo akaondoka.

"Kona ya kwanza, kulia," alisema Kamusi.

Mwili wa Gia Tano ukaegemea, Mama Spea akaegemewa.

"Kona ya pili, kushoto, kali."

"Punguza, ndugu yangu," alisema Taratibu, ameshika tai.

"Sasa njia iliyonyooka, ndefu, gia ya nne."

Gia Tano akatia gia ya nne, mguu wa kulia ukazamisha kandambili ya mafuta, uso ukanyooka, nyusi zikapanda. Alikuwa mbali kabisa, peke yake na upepo. Na mguu wa kushoto ukatoka kwenye klachi, ukatua kwa upole juu ya kiatu cha Taratibu, ukaanza kucheza. Juu, chini. Juu, chini. Kisigino, vidole, kisigino, vidole.

"Simama," alisema Fundi Kimya kutoka chini.

"Siwezi kusimama, niko kwenye njia iliyonyooka."

"Tayari unasimama. Tazama mguu wako."

Gia Tano akatazama. Kijiwe kizima kikainama kutazama. Mguu wenyewe, bila aibu, uliendelea mara mbili tatu zaidi kabla haujagundua kwamba unatazamwa.

"Huo mguu unafanya nini kwenye breki?" aliuliza Fundi Kimya.

"Unapumzika."

"Unapumzika huku unashona?"

Hapo Mama Spea akaangua kicheko mpaka kikombe kikamwagika. Na ukweli ukawa wazi kwa kila mtu, Gia Tano akiwa wa mwisho. Miaka thelathini mtu anakanyaga pedali ya cherehani kwa miguu yote miwili. Mshono ukinyooka, mguu ndio unatakiwa uende bila kukoma, la sivyo uzi unakatika. Kwa hiyo kila alipofika palipo panyoofu, mguu ulifanya kile unachokijua. Miaka sita alikuwa akimkimbiza Shangazi huku amemkaba.

"Lakini subirini," alisema Kamusi, ambaye kosa la mwenzake humnoa akili. "Kama anakanyaga breki muda wote, taa za breki zinawaka muda wote. Madereva wa nyuma hawakuona?"

Gia Tano akatazama birika. Fundi Kimya, bado amelala chini, akatazama mbingu.

"Waliona," alisema Gia Tano. "Walilalamika kwamba taa zangu zinawaka hadi kwenye njia iliyonyooka. Tukasema ni swichi mbovu."

"Mkabadilisha swichi?"

"Tukakata waya," alisema Fundi Kimya. "Zikazima."

"Na malalamiko yakaisha," alisema Gia Tano.

Taratibu akainama polepole, akachukua kiatu chake, akakivaa. "Hongereni sana," alisema. "Mgonjwa anapiga mayowe, daktari kamziba mdomo, wote wawili mkaenda kulala. Mimi wateja wangu wengi wananijia kwa njia hiyo."

Fundi Kimya alikubali lawama yake. Akainuka, akajikung'uta, na siku ileile akaenda kumchukua Shangazi. Akarudisha waya wa taa, akaweka mafuta mapya ya breki na pedi mpya za kawaida, kisha kushoto kwa klachi akachomelea kipande cha chuma, kibapa kama unyayo, mguu ukae hapo na usitoke. Breki za Mama Spea hazikuguswa.

"Mtakuja tu," alisema Mama Spea, akarudi dukani kwake na kikombe kitupu.

Siku tatu zilizobaki Gia Tano alifundishwa kukaa. Kila jioni aliketi kijiweni na sinia, mguu wa kushoto juu ya tofali, na Taratibu pembeni na gazeti lililokunjwa, akiuchapa mguu kila ulipotikisika. Ulichapwa sana. Dukani mambo yakaharibika, maana mguu ulishaanza kuogopa, na karani mmoja wa benki akashonewa suruali yenye mshono wa kupinda kama mtu anayekwepa madimbwi. Gia Tano aliifumua, akaishona upya, akaomba radhi. Usiku mkewe alimuuliza kwa nini analala ameuning'iniza mguu mmoja nje ya kitanda. Akasema ni joto.

Jumatatu asubuhi kijiwe kilijaa mapema. Gia Tano alikuja wa mwisho, akakaa, akashika kikombe kwa mikono miwili kama mtu mwenye baridi.

"Ukaguzi?" aliuliza Kamusi.

"Nilipita. Breki nzuri, taa nzuri."

"Na mbio?"

Gia Tano akaweka kikombe chini. "Jamani, yule Shangazi anakimbia. Nyie hamjui. Mimi mwenyewe nilikuwa sijui. Nimetoka kona ya pili, mguu nimeuweka pale kwenye chuma, ukatulia, na gari likaondoka kama limefunguliwa kamba. Nilimpita mmoja. Nikampita wa pili. Miaka sita sijawahi kumpita mtu, sikujua hata mtu anapitwa upande gani. Nafika kona ya tatu naona kibao cha kusema zimebaki mita mia, nikajua hiki kimehamishwa."

"Hakikuhamishwa," alisema Fundi Kimya.

"Hakikuhamishwa. Ni mimi niliyefika mapema. Nikakanyaga breki kwa roho yangu yote. Zimeshika, siwezi kusema uongo, kila mzunguko zimeshika. Ila mzunguko wa mwisho zilikuwa zinanuka, gari linayumba kama limelewa, na tairi la mbele likatoka nje ya mstari. Nimesimama viazi viko hapa." Alionyesha umbali kwa vidole viwili, na havikuwa mbali.

"Uliingia au hukuingia?" aliuliza Kamusi.

"Jani moja nililigusa."

"Jani si shamba," alisema Taratibu.

"Jani ni la nani?" alisema Kamusi. "Kisheria jani ni la mwenye shamba."

"Acheni jani," alisema Gia Tano, na sauti ikamshuka. Ndipo akawaambia yale ya nyumbani, kwamba viazi vikiguswa tena gari linauzwa, na kwamba jana mkewe alikuwepo uwanjani, kwa mara ya kwanza, amesimama nyuma ya uzio palepale kona ya tatu. "Aliona kila kitu. Njia nzima ya kurudi hakusema neno. Nikamuuliza kama amechoka, akatikisa kichwa. Nikamuuliza kama amekasirika, akatazama dirishani. Asubuhi kaenda shule hajaniambia hata kwaheri."

"Mnh," alisema Mama Spea, na kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa hotuba ya rambirambi.

"Yule mwanamke ninampenda," alisema Gia Tano. "Akisema liuzwe nitaliuza, na sitanung'unika. Lakini jamani, ndiyo kwanza jana nimeliendesha."

Taratibu alimwekea mkono begani, mkono uliozoea kazi hiyo.

Saa nne kamili, wakati wa mapumziko ya shule, Mwalimu mwenyewe akatokea kwenye kona ya gereji, chaki bado iko kwenye vidole. Hajawahi kukanyaga kijiweni hata siku moja. Kamusi alikunja gazeti. Muuza kahawa akavaa kandambili zake. Watu wote wakakaa wima kama darasa la kwanza, na Gia Tano akasimama.

Mwalimu hakusalimia kwa mdomo, aliinamisha kichwa tu. Akampita mumewe, akaenda moja kwa moja kwa Fundi Kimya, akampa karatasi iliyokunjwa mara mbili. Gia Tano akaiona, akaelewa. Ni tangazo la kuuza, na fundi ndiye wa kulibandika gerejini. Akakaa tena.

Fundi Kimya akafuta mikono kwenye suruali, akaifungua, akaanza kusoma, na pale alisema maneno mengi kuliko aliyoyasema mwezi mzima.

"Fundi, habari za kazi. Samahani nimeandika, sauti imenikauka tangu jana. Nilimshangilia kwa kelele mizunguko yote kumi, na leo darasani nafundisha kwa ubao na kwa kidole." Fundi akainua macho. Mwalimu akaashiria aendelee. "Moja. Gari sasa lina mwendo, na breki zile hazilitoshi tena, nimeona kwa macho yangu. Weka zile kubwa za Mama Spea, alinieleza mwenyewe wiki iliyopita. Cherehani iliyolala ichukuliwe leo, nimeshaifuta vumbi."

Mama Spea akaangalia pembeni, akijitahidi kuwa mnyenyekevu, na akashindwa.

Gia Tano alikuwa anamtazama mkewe. Mkewe alikuwa anamtazama fundi.

"Mbili," alisoma Fundi Kimya. "Kile kiti cha abiria mlichokitoa ili gari liwe jepesi, kirudishe. Nimeuliza pale uwanjani, wakasema siku za mazoezi mtu anaweza kuchukua abiria. Nikiwa nje ya uzio baba watoto hanisikii, na koo langu haliwezi tena." Akageuza karatasi, akaona nyuma hakuna kitu, akaikunja. "Basi. Imeishia hapo."

Mwalimu akatazama saa, akamnyooshea mumewe kola ya shati, akaondoka haraka kuwahi kipindi.